Naomba ushauri: mzee anaitafuta Outlaws ya 1986

Habari zenu wadau. Mzee wangu anaitafuta tamthilia ya Marekani, Outlaws, iliyoanza kurushwa CBS Desemba 1986. Sherifu John Grail (Rod Taylor) na majambazi wanne wanakumbwa na radi mwaka 1899, wanaibukia Houston ya 1986, kisha wanafungua ofisi ya upelelezi. Anayemkumbuka zaidi ni Richard Roundtree, hao wengine kwake ni "wazungu wa kofia". Mtandaoni nimepata vipande tu, picha imejaa chenga. Muuza CD kanipa filamu nyingine kabisa yenye jina hilohilo!

Je, kuna njia halali ya kuipata yote? Na kuandika manukuu ya Kiswahili nianze na programu gani? Kiingereza cha makauboi kinamshinda mzee.