Limau linaua bakteria kweli, au sahani zangu zinanidanganya? Naomba ushauri

ChipukiziMaabara
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho chuoni na mradi wangu ni juisi za matunda na bakteria wa kawaida. Bakteria akitumbukia kwenye juisi, anaishi au anakufa, na inamchukua muda gani? Nina limau, chungwa, nanasi na tikiti maji. Bakteria ni wawili: E. coli K-12, yule asiyeleta ugonjwa, na Bacillus subtilis. Wote wametoka kwenye akiba ya maabara ya chuo.

Nilikamua matunda, nikachuja juisi kwa kitambaa safi, nikalowesha vidiski vya karatasi vya milimita 6 na kuvipanga juu ya agari (rojo gumu la kuoteshea bakteria) niliyokwisha kuipaka bakteria. Inkubeta nyuzi 37, usiku kucha. Asubuhi nikakuta limau lina duara safi kuzunguka kidiski, upana wa milimita 11. Chungwa halina kitu, bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi. Nanasi vilevile, isipokuwa sahani moja niliyoitengeneza kwa jelatini baada ya agari kuniishia (hiyo niliiacha mezani kwa sababu jelatini huyeyuka ndani ya inkubeta). Pale nanasi limechimba shimo kabisa, kijidimbwi cha maji chini ya kidiski. Tikiti ndilo lililonichanganya zaidi. Kidiski chake kimezungukwa na vikoloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) vyeupe vinavyong'aa, vidogo kama punje za chumvi, havifanani na E. coli wangu hata kidogo.

Nilimpelekea msimamizi kwa furaha. Akaitazama sahani ya limau, akaniuliza jambo moja: "Hawa ambao hawakuota, wamekufa?" Nikakosa la kusema, na mpaka leo sina. Zimebaki wiki tatu. Naombeni mawazo yenu, hata ya kunikosoa.

DarubiniYaZamani
Pole mdogo wangu. Vikoloni vya tikiti ni wageni waliokuja na juisi yenyewe. Kitambaa huzuia nyama ya tunda tu, bakteria wanapita bila shida. Acha makapi yatulie chini, kisha pitisha juisi ya juu kwenye kichujio cha mikromita 0.22. Usiichemshe, joto linaharibu vitamini C na vimeng'enya, utakuwa unapima juisi nyingine. Na kila siku ya jaribio weka juisi tupu kwenye sahani yake peke yake. Ikiota kitu, matokeo ya siku hiyo usiyatumie.

Mkwezi77
Mimi si mtu wa maabara ila naona unajisumbua bure. Asidi inaua vijidudu, hilo linajulikana. Andika limau lina asidi nyingi likaua, tikiti halina halikuua. Umemaliza.

BiKoloni
Mkwezi77, ndugu yangu, hilo naomba tusiliache lipite, maana watu wameshaumia kwa imani hiyo hiyo. Mwaka 1996 Marekani na Kanada watu waliugua E. coli O157:H7, aina yake ya hatari, kutokana na juisi ya tufaha isiyopashwa moto, na mtoto akafariki. Juisi ya tufaha kwa kawaida ina pH (kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, ikishuka uchachu unazidi) kati ya 3.3 na 4, ni chachu kabisa. Mwaka 1999 ikawa Salmonella kwenye juisi ya machungwa. Mwaka 2001 Marekani ikatoa kanuni kwamba matayarisho ya juisi lazima yapunguze kijidudu kinachohofiwa mara 100,000. Asidi peke yake ingetosha, nani angehangaika na kanuni hiyo? Tena E. coli hao hudumu zaidi juisi ikiwa kwenye friji kuliko ikikaa kwenye joto la chumbani. Baridi ambayo sisi tunaiona kinga, wao inawachelewesha kufa.

Sasa nakuja kwako Chipukizi. Msimamizi wako amekuuliza swali la mradi mzima. Duara safi linasema kitu kimoja: hapa hawakuota. Halisemi walikufa. Jaribu leo leo, gusa katikati ya duara la limau kwa kitanzi, sambaza kwenye agari mpya isiyo na juisi. Wakiota, walikuwa wamezuiwa tu. Na upande wa pili, chungwa kukosa duara hakumaanishi halina nguvu. Agari ya kawaida iko kwenye pH ya 7 na ushee, na viungo vyake vinameza asidi. Tone la chungwa linapoteza ukali wake kabla halijafika popote. Njia ya vidiski inafaa kwa antibiotiki, ambazo kiasi kidogo kikisambaa kinatosha kufanya kazi. Wewe unauliza habari za kuishi ndani ya juisi, kwa hiyo bakteria waweke ndani ya juisi.

Hivi ndivyo mimi ningefanya. Otesha E. coli usiku kucha kwenye mchuzi, wazungushe kwenye sentrifugi, mwaga mchuzi, waoshe kwa maji ya chumvi ya 0.85%. Ukiacha mchuzi, unaingiza chakula na kitu kinachopunguza asidi. Weka mililita 0.1 ya bakteria waliooshwa kwenye mililita 9.9 za juisi. Anza saa. Chota mililita 1 mara moja, kisha baada ya dakika 5, 15, 30 na 60. Kila ulichochota kiingie papo hapo kwenye mililita 9 za bafa ya fosfeti (kimiminika kinachotuliza asidi), ili asidi iache kuuma. Usipoisimamisha, sampuli ya dakika 5 itaendelea kufa wakati wewe unatafuta kalamu ya kuandika lebo. Kisha endelea kuzimua mara kumi kumi, na usambaze mililita 0.1 ya kila mzimuo kwenye agari.

Hesabu sahani zenye koloni 30 hadi 300 tu. Tuseme mzimuo wa nne umekupa koloni 150: zidisha kwa 10 kwa sababu ulimwaga sehemu ya kumi ya mililita, zidisha kwa 10,000 ya mzimuo, unapata milioni 15 kwa kila mililita. Sahani ikiwa tupu usiandike sifuri. Andika "chini ya kiwango ninachoweza kuhesabu", kisha taja kiwango chenyewe.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau: bakteria wa usiku kucha, waliokwisha kuacha kukua, wanastahimili asidi kuliko wale walio katikati ya kukua. Chagua umri mmoja, uandike, usiubadilishe hadi mwisho.

ChipukiziMaabara
BiKoloni Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Swali dogo: ya kulinganishia niweke maji tu?

BiKoloni
Maji hayatoshi, mwanangu. Ukiwa na maji na limau tu, utajua limau linaua lakini hutajua kwa nini. Weka chupa nne. Ya kwanza, bakteria kwenye maji ya chumvi. Ya pili, juisi ya limau. Ya tatu, maji yenye asidi sitriki kiasi kile kile kilichomo kwenye limau, yaani gramu 5 hadi 6 kwa mililita 100, halafu uisogeze hadi pH yake ilingane na ya juisi yako. Ya nne, juisi ya limau uliyoitia sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo hadi pH 7, kisha ukaichuja. Chupa ya tatu ikiua sawa na ya pili, asidi imebeba kazi yote. Ya nne ikiua, kuna kitu kingine ndani ya limau, na hapo mradi wako unanoga.

Usitumie asidi hidrokloriki kufikia pH hiyo ukadhani ni sawa. pH inapima asidi iliyokwisha kuachanika, yaani iliyotoa ayoni zake za haidrojeni. Asidi za matunda huwa na sehemu ambayo bado nzima, na chini ya pH 3 sehemu hiyo ni kubwa. Asidi ya namna hiyo inaweza kupenya utando wa seli na kuachanikia ndani. Ndiyo maana chupa mbili zenye pH moja zinaweza kuua kwa kasi tofauti.

Ukimaliza, sahani zote zipite kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo), nyuzi 121, dakika 15 au zaidi zikiwa nyingi. Usifungue sahani yenye wageni usiowajua, kama ile ya tikiti.

DarubiniYaZamani
Naongezea la nanasi. Lile shimo halihusu bakteria kabisa. Nanasi bichi lina bromeleini, kimeng'enya kinachokata protini, na jelatini ni protini, kwa hiyo nanasi limekula sakafu yako. Agari inatokana na mwani, ni jamii ya sukari, bromeleini haiigusi. Weka kidiski cha nanasi kwenye jelatini isiyo na bakteria, utaona shimo lile lile. Usiliandike popote kama ushindi wa nanasi.

Mkwezi77
Nimejifunza. Hiyo ya friji sikuwahi kuisikia, na nina watoto nyumbani. Asanteni.

ChipukiziMaabara
Wakuu nimerudi, siku ya kumi leo. Kwanza duara la limau: niligusa katikati, nikasambaza kwenye agari mpya, wakaota. Wachache, ila wameota. Kidogo nilie, maana nilikuwa nimeshaandika "limeua" kwenye rasimu.

Chupa nne nimezirudia mara tatu, siku tofauti. E. coli kwenye juisi ya limau wanapungua kila ninapochota. Asidi sitriki inaenda nayo karibu sambamba. Maji ya chumvi hayajabadilika. Limau lililorudishwa pH 7 halikuua, na nilipoisahau chupa yake mezani hadi kesho yake, ilikuwa imechafuka kama maji ya mchele. Walikuwa wanakula sukari mle ndani! Chungwa kwa saa nzima halijapunguza kitu cha maana, kwa hiyo nitalifuatilia hadi saa 24, chumbani na kwenye friji. Nanasi la jelatini limechimba bila bakteria, kama ulivyosema mkuu.

Kinachonishinda ni Bacillus. Kwenye limau alishuka kidogo dakika 5 za mwanzo, halafu akasimama palepale hadi saa ikaisha. Mstari umelala. Nimekosea wapi?

DarubiniYaZamani
Uliwaotesha siku ngapi?

ChipukiziMaabara
Siku nne. Wikiendi iliingia katikati.

DarubiniYaZamani
Basi hujakosea kuhesabu. Siku nne Bacillus anakuwa ameshatengeneza spora, yaani umbo lake la usingizi lenye ganda gumu, na spora haijali limau. Walioshuka ni seli za kawaida, waliosimama ni spora. Kabla ya kuwaweka kwenye juisi, chota sampuli, ipashe nyuzi 80 kwa dakika 10, kisha ihesabu. Joto hilo linaua seli za kawaida na kuacha spora, utajua ulianza na ngapi. Halafu rudia na wa saa chache tu, wachanga, uchore mistari miwili kwenye grafu moja.

ChipukiziMaabara
Bafu la maji limeshafika nyuzi 74. Nawaletea grafu kesho jioni.