MREJESHO: Ukumbi wa zamani wa starehe, Mji Mkongwe

Ndugu zangu, niliuliza humu namna ya kuufufua ukumbi wetu wa dansi uwe kituo cha mtaa, chenye maktaba na kompyuta. Asanteni sana, hasa mliosisitiza tuanze na kuta. Tumebandua lipu yote ya saruji, tukapiga ya chokaa na mchanga, kila tabaka tukilinyunyizia maji lisikauke haraka likapasuka. Mawe ya matumbawe ya kuta sasa yanapumua, yaani unyevu wake unapata pa kutokea. Unyevu uliokuwa ukimenya rangi hadi usawa wa kiuno umekauka, isipokuwa ukuta wa upande wa kisima. Huo bado unatoa chumvi. Boriti za mikoko zilizooza vichwa tumebadilisha. Sakafu ya mbao haikuokoka, mchwa waliimaliza. Watoto wameshaanza kusoma humo jioni. Mnaofuata kukarabati majengo kama haya, ombeni kibali kabla ya kumwita fundi.