Usukani mzito alfajiri: kikundi cha Majirani wa Uyole, Mbeya

Jumamosi

Mama Neema: Shikamooni wazee wangu, na habari za asubuhi majirani wote. Naomba ushauri kuhusu gari letu. Tangu baridi hii ya Juni ianze, usukani unakuwa mzito sana ninapoliwasha gari alfajiri, kiasi kwamba kulitoa getini na kukata kona ya kuingia barabarani kunanilazimu kuvuta kwa mikono yote miwili. Nikikaribia Mwanjelwa usukani unakuwa umeshalainika, na mchana kutwa sioni tatizo lolote.

Baba Amani: Pole sana, Mama Neema. Hiyo ni pampu ya usukani, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi. Tafuta ya mtumba mapema, kabla haijakuacha njiani.

Fundi Baba Tumaini: Marahaba, Mama Neema. Ndugu yangu Baba Amani, naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa sababu pampu iliyochakaa kwa kawaida huonyesha udhaifu wake zaidi oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, wakati gari la jirani yetu linafanya kinyume chake. Asinunue kitu chochote kwanza. Mama, nisaidie kwa haya: je, chini ya boneti kuna kikopo cha oili ya usukani? Je, uzito ni sawa ukikata kulia na ukikata kushoto? Na je, unasikia mlio wowote?

Mama Neema: Kikopo kipo. Uzito ni sawa pande zote mbili. Mlio upo, lakini ni wa kuguna, hasa ninapokata kona nikiwa sijaondoka.

Fundi Baba Tumaini: Ahsante, umenisaidia sana. Uzito ungekuwa wa upande mmoja tu, ningeanza kuzihofia sili, yaani vipira vya kuzuia oili isivuje, za ndani ya raki, kile chuma kinachogeuza magurudumu, na hiyo ni kazi ya gereji. Beliti inayozungusha pampu ikiteleza hupiga kelele kali ya juu, na usukani hukamata na kuachia mkononi. Kuguna ni kwa pampu inayokosa oili ya kutosha au inayovuta hewa. Kesho alfajiri, kabla hujawasha gari, fungua kifuniko cha kikopo uangalie oili imefika wapi kwenye alama ya baridi, ile ya kupimia gari likiwa halijawashwa, kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ututumie picha. Fanya hivyo gari likiwa limelala usiku kucha, maana ugonjwa wa baridi hupimwa kwenye baridi.

Bibi Uswege: Mwanangu fundi, kwani baridi inaiathirije oili?

Fundi Baba Tumaini: Shikamoo bibi. Yale mawese tunayoletewa kutoka Kyela, ukiyaacha jikoni usiku wa Juni unayakuta asubuhi yameganda. Oili ya usukani haigandi kiasi hicho, lakini inakuwa nzito, na iliyozeeka kwa miaka mingi bila kubadilishwa inakuwa nzito zaidi na ina uchafu. Pampu inapata shida kuivuta kupita kwenye kichujio cha kikopo na kwenye mpira unaopitisha oili. Huku kwetu alfajiri nyuzijoto hushuka chini ya 10, kwa hiyo gari linalotembea vizuri Dar es Salaam linaweza kuonyesha kasoro likifika hapa.

Jumapili

Mama Neema: Fundi, picha hiyo hapo. Tone ni jeusi na lina harufu ya kuungua. Oili iko chini kidogo ya alama, na kwenye kifuniko pameandikwa DEXRON.

Fundi Baba Tumaini: Oili ya aina hiyo ikiwa mpya ni nyekundu. Hiyo imeshakwisha kazi. Nunua aina iyo hiyo iliyoandikwa kwenye kifuniko, usikubali kubadilishiwa dukani, kwa sababu yapo magari yanayotumia oili ya aina nyingine kabisa, na kuzichanganya huharibu sili. Nitakuja mchana na jeki. Tutainua magurudumu ya mbele, tutachomoa mpira unaorudisha oili kwenye kikopo na kuuelekeza kwenye chupa, tutaziba tundu lililobaki, kisha wewe utazungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, huku mimi nikiongeza oili mpya. Tutaendelea hadi itoke nyekundu. Kikopo kisikauke hata kidogo katikati ya kazi, la sivyo tutaingiza hewa.

Baba Amani: Nimekuelewa, fundi, na nakubali. Naomba nami nije kushuhudia.

Shangazi Rehema: Na gari langu, ambalo halina kikopo kabisa?

Fundi Baba Tumaini: Shangazi, hilo linatumia mota ya umeme, kwa hiyo oili haihusiki. Likiwa zito alfajiri, anza na betri na vichwa vyake, kwa sababu betri hudhoofika kwenye baridi, na uangalie kama taa ya usukani inawaka kwenye dashibodi. Wote wawili pimeni upepo wa matairi ya mbele pia, maana tairi lenye upepo mdogo hufanya usukani uwe mzito saa zote.

Jumanne

Mama Neema: Fundi, Mungu akubariki. Asubuhi nimetoka getini kwa mkono mmoja. Umebaki mguno mdogo unaodumu muda mfupi tu, na kwenye kikopo naona mapovu.

Fundi Baba Tumaini: Mapovu ni hewa. Ule mpira unaotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu nilioushika juzi umekuwa mgumu kwa uzee, na mpira wa namna hiyo ukipata baridi husinyaa na kuacha nafasi kwenye klempu, kile kibano kinachoukaza. Leo ukikata kona usiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho, kwa sababu pampu hubanwa na oili hupata moto mwingi. Jioni nitakuja na mpira mpya na klempu mbili, kisha tutaitoa hewa kwa kuzungusha usukani injini ikiwa imezimwa.

Jumatano

Mama Neema: Nimewasha gari saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ikiwa kali kweli. Hakuna mguno, hakuna mapovu, na oili iko kwenye alama.