Tupeane uzoefu: kuna kitabu cha hadithi kilichokuvusha kwenye janga?

Mhamba wa Kibanjani
Wakuu, habari za jioni. Juzi nimefagia uvungu wa kabati nikakuta riwaya yangu ya zamani, kurasa mbili zimegandana kwa nta ya mshumaa. Nikaacha ufagio nikakaa.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri, nilikuwa nyumbani Bukoba. Tetemeko la 5.9. Ukuta wa jikoni ulipasuka juu hadi chini, mama tukamtoa akiwa bado na mwiko mkononi. Usiku huo tulilala kibanjani chini ya migomba, kwa sababu mitetemo midogo iliendelea na hakuna aliyethubutu kurudi ndani. Asubuhi nikaingia mbio kuchukua blanketi. Nilipolikunjua nje, kikadondoka kitabu. Sikukichagua mimi. Riwaya ya upelelezi, haina jalada, na kurasa kama nne za mwisho hazipo.

Nikaanza kuwasomea wadogo zangu. Usiku wa tatu majirani nao walishahamia kwetu na mikeka yao. Ardhi ikitikisika nanyamaza, kila mtu anashika alichokaribia. Ikitulia, mzee jirani anasema, "Haya, yule jambazi tulimwacha wapi?" Redio tuliizima, maana kila taarifa ya habari ilituongezea idadi ya waliokufa. Ajabu ni kwamba hata riwaya ilikuwa na maiti, tena tatu! Ila zile zilikuwa na mpelelezi anayezihangaikia, hapati usingizi. Za kwetu muuaji ni ardhi, nani angemkamata?

Tulipofika pasipo na kurasa, ubishi ulikuwa mkubwa kuliko wa mpira. Mama, ambaye hajawahi kusoma riwaya, alitoa hukumu: muuaji ni karani wa benki.

Nyie je?

Bi Mdogo wa Mafia
Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Nilijifungia na riwaya ya mapenzi, nimekaa chini ya meza. Kwa zile kelele za mabati hata sikuelewa nilichosoma. Nilikuwa nageuza kurasa tu, na mikono ikaacha kutetemeka.

Jirani wa Nyiragongo
Salamu toka Goma. Volkano ya Nyiragongo ilitoka tarehe 22 Mei 2021 usiku, siku zilizofuata mji ukawa unatetemeka, na tarehe 27 wakatuambia tuhame. Sisi tulikwenda Sake kwa miguu, magodoro kichwani. Kwenye simu nilikuwa na riwaya moja ya Kifaransa na chaji asilimia 19. Nikagawa: kumi za kuwapigia ndugu waliovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, tisa za kusoma. Nilisoma mwanga nimeupunguza mpaka macho yakauma. Mke wangu aliniuliza kama nina akili. Kesho yake usiku akaniomba nimsimulie.

Kijana wa Katesh
Naomba nitofautiane nanyi, bila ugomvi. Tarehe 3 Desemba 2023 alfajiri, Mlima Hanang ulitushushia matope, mawe na magogo. Nilizika watu. Miezi minne sikuweza kusoma hadithi yoyote, nikifungua naona uongo mtupu, watu wa kubuni wanalia machozi ya kubuni. Waliokuja na maneno ya "jisomee upunguze mawazo" niliwaona hawajui kitu. Nilikuja kurudi kupitia mpwa wangu, alitaka hadithi ya Sungura na Fisi kabla ya kulala, na ukikosea neno anakusahihisha. Hiyo niliiweza. Riwaya kubwa bado.

Mhamba wa Kibanjani
Pole sana, mkuu. Nimekuelewa, na wala sikulazimishi. Sisi kwetu hatukuzika mtu wa ndani ya nyumba, labda ndiyo maana tuliweza.

Mama Garsen
Novemba 2023 Mto Tana ulipofurika tulihamia mahali pa juu, turubai moja familia mbili. Binti yangu aliokoa kitabu cha hadithi cha shule, lakini kilikuwa kimelowa kama mkate kwenye chai. Ukikifungua kwa haraka kinararuka. Basi tukawa tunabandua ukurasa mmoja mmoja kwa ncha ya kisu, tunaulaza juu ya chandarua, tunausoma ukikauka. Kurasa tano kwa siku, kukiwa na jua. Mvua ikinyesha hakuna hadithi, na watoto wa turubai la pili wanakuja kuulizia kama vile tunauza maziwa. Niwaambie ukweli, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naamka mapema kuangalia kama ukurasa umekauka.

Mzee wa Vitabu
Mleta uzi, hebu eleza kidogo, huyo mpelelezi anavuta kiko na ana gari bovu la kijani? Kama ndiye, hiyo riwaya ninayo nzima. Nikwambie muuaji?

Mhamba wa Kibanjani
Ndiye huyohuyo! Lakini usiniambie, mzee wangu. Mama yupo hapa pembeni na bado ameshikilia ni karani.