Naomba ushauri: mama anataka kumtafuta baba aliyepotea Burundi Oktoba 1993

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Kigoma.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Gitega. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, miezi mitatu tu tangu aapishwe, mauaji yakasambaa vilimani, Wahutu na Watutsi wakafa kwa maelfu. Baba alitoka kumfuata mdogo wake, hakurudi. Mama akavuka mpaka na mimba yangu, nikazaliwa kambini 1994.

Miaka yote hakuwahi kulizungumzia. Mwezi uliopita alifungua sanduku lake akanitolea kitambulisho cha baba, kimefungwa kwenye kitambaa cha kitenge, picha imefifia hadi yamebaki macho. Akasema, "Nipeleke, nijue alipolala."

Najua ile Tume ya Ukweli na Maridhiano ya kule imefukua makaburi ya halaiki, ila mengi niliyoyasikia ni ya mauaji ya 1972. Je, kuna aliyewahi kuandikisha ndugu yake wa 1993? Wanapokea ushahidi wa mtu anayeishi nje? Au nianzie kwa wazee wa kilima chetu, yaani wa kijijini kwetu? Naogopa pia kwamba wenyeji watadhani tumefuata shamba, wakafunga midomo. Sisi hatudai shamba.

Mama ana presha, na sijui kama moyo wake utahimili safari hii. Waliowahi kuwapeleka wazazi wao, mliwaandaaje?