Naomba ushauri: kupiga picha za viwanja kwa droni bila kuvunja sheria

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa anayejua hili. Mimi ni mpiga picha hapa Dar, mwaka jana nilinunua droni DJI Mini, ile ndogo ya gramu 249, nikawa nachezea tu bichi. Sasa madalali wameona picha zangu wananiita niwapigie viwanja na nyumba za kuuza Kigamboni na Bagamoyo, na hela inaonekana, maana mteja aliyeko Oman au Uingereza anataka aone kiwanja chote, barabara inapitia wapi, majirani wako umbali gani, picha ya chini haimuoneshi hivyo vitu.

Shida ni kibali. Nilikuwa naamini kadroni kadogo hivi hakahusiki, wiki iliyopita nikiwa saiti wakaja askari wakaniambia niishushe droni, wakaniuliza kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na cha Wizara ya Ulinzi, sina hata kimoja. Waliniachia ila niliogopa kweli, na Kigamboni kuna kambi ya jeshi la majini, si pa kubahatisha.

Naomba aliyepitia aniambie, unaanzia TCAA au Ulinzi? Inachukua muda gani? Kibali cha biashara ni tofauti na cha kujifurahisha? Na jirani akigoma ua wake usionekane kwenye picha mnafanyaje, maana binafsi naona ana haki. Kuna kazi tatu zinanisubiri na nimezisimamisha zote mpaka nijue.