Hedifoni zilizo wazi nyuma: DT 990 Pro au K240 Studio?

Wakuu, nachanganya muziki (miksi) usiku chumbani. Hedifoni zangu zilizofungwa zinanidanganya: nikihamia kwenye spika, besi yote imeyeyuka. Sasa nataka zilizo wazi nyuma, zinazopitisha sauti nje; nichukue ipi kati ya hizi mbili?

— 990 ninayo, ya omu 250 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Simu haiiwezi, itataka amplifaya. Sauti za juu kali mno: "s" ya mwimbaji ilinichoma, nikaipunguza mpaka waimbaji wangu wakasikika kama wana mafua. Ila masikioni, mto mtupu!

— K240 ni omu 55, haisumbui. Lakini ni nusu wazi, na besi ya chini kabisa ni hafifu.

— Mkuu, unalala peke yako? Zote zinavujisha sauti.

— Yupo mdogo wangu, ila hata radi haimwamshi. Nachukua 990.